Kufuli la Saba la Hazina ya Pamoja

Katika nchi yetu hakuna kitu kinachopotea. Nalisema hili kifua mbele, na anayebisha asimame. Nchi nyingine zinapoteza ndege angani, zinapoteza kura njiani, zinapoteza mito mizima na kuja kuikuta kwenye bomba la mtu mmoja. Sisi hatujawahi kupoteza hata sindano. Kikiwekwa, kimewekwa. Kikifungwa, kimefungwa. Ushahidi ninao, na ndio huu ninaotaka kuwasimulia ninyi mliokaa hapa barazani kwa Bi Kidawa mkisubiri sare za watoto. Mwenyewe kaenda mjini kutafuta uzi wa kijani, cherehani imenyamaza, shule zinafungua Jumatatu. Hamna pa kukimbilia. Basi sogeeni.

Kisa kinamhusu Daktari Taudensia Mkwizu, yule mwanamke mwembamba anayetembea kama aliyeacha maziwa jikoni. Hajui kukaa. Ukimpa kiti anakishika mgongo, anazungumza akiwa wima, jicho moja mlangoni. Kazi yake ni utafiti wa VVU, na kwa miaka mingi kilichomkosesha usingizi si kirusi. Kirusi alikuwa amekizoea. Kilichomkosesha usingizi ni mafriza.

Kila kituo cha utafiti nchini kilikuwa na friza yake. Cha ziwani chake, cha milimani chake, cha pwani chake, na kila kimoja kimeikumbatia friza yake kama mke mpya. Mtafiti wa milimani akitaka kulinganisha damu ya watu wake na ya watu wa ziwani, anapigwa danadana mpaka anastaafu. Taudensia akazunguka ofisi kwa ofisi, akisema kwa sauti ile ile ya mtu anayechelewa: "Jamani, ugonjwa ni mmoja. Tuweke damu pamoja. Friza moja kubwa, ya baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Wauguzi tuwe nao pamoja, mashine tuwe nazo pamoja. Mtafiti aombe, apewe, alete majibu. Basi."

Serikali ilipenda sana wazo hilo, hasa neno "pamoja". Likaundiwa kamati, likapewa nembo, likatungiwa wimbo. Ikazaliwa Hazina ya Pamoja ya Taifa ya Sampuli. Kwa kifupi ni friza, lakini ole wako uiite friza mbele ya Mwenyekiti.

*

Ndani ya friza hiyo, samahani, Hazina, kulikuwa na kichupa kimoja ambacho Taudensia alikifikiria kuliko vyote. Kilikuwa cha Bi Kidawa, huyu huyu mwenye baraza. Msinitazame hivyo, si siri. Mwenyewe hasemi kwa kunong'ona. Akikupima kiuno, kabla utepe haujafika kwenye nyonga ameshakueleza yote.

Aliolewa uke wenza. Mume akafa. Mke mwenzake, Hidaya, akafa mwaka uliofuata, amekauka kama ukuni. Kidawa akabaki. Virusi ni walewale, mume ni yuleyule, na yeye akakaa miaka na miaka bila hata mafua, hajameza kidonge, anashona tu. Ulipokuja utaratibu mpya kwamba kila mwenye VVU aanze dawa za kufubaza mara moja, naye akakubali kuanza. Lakini kabla ya kidonge cha kwanza akaenda kwa Taudensia, akakunja mkono wa gauni, akamnyooshea mkono.

"Chukua," alisema. "Nina swali moja tu, mwanangu. Kwa nini yeye na si mimi? Hidaya alikuwa na afya kuliko mimi, alikuwa mchapakazi kuliko mimi. Tuligombana sana kwa ajili ya yule mwanamume asiye na maana, lakini nilimpenda. Nitafutie jibu."

"Jibu limo humu ndani, mama," alisema Taudensia, akiinua kichupa kwenye mwanga. "Mwili wako unajua kukizuia hiki kirusi, na mimi sijui unafanyaje. Siku nikipata mashine ya kusoma, ya kwanza itakuwa hii."

"Nikupe na nyingine mwakani, kwa akiba?"

"Ya mwakani itakuwa imeshachanganyika na dawa. Hii ndiyo ya mwisho ambayo mwili wako ulipigana peke yake. Haitapatikana tena."

"Basi itunze," akasema Bi Kidawa, akateremsha mkono wa gauni. "Usije ukanipotezea."

Taudensia akacheka. Alicheka kwa sababu alikuwa raia mwema wa nchi ambayo hakuna kitu kinachopotea.

*

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri wa Afya na Mambo Yanayofanana Nayo. Utepe ukafungwa mlangoni mwa friza, Waziri akaukata, mlango ukafunguliwa, na baridi ikatoka kama moshi wa filamu za kichawi. Watu wakapiga vigelegele. Waziri akachungulia.

"Hawa ndio virusi wenyewe?"

"Hiyo ni damu, Mheshimiwa," alisema Taudensia. "Virusi wamo ndani, hawaonekani kwa macho."

"Wananisikia?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Hata hivyo nitawaambia." Waziri akainama, tai yake ikagusa barafu. "Serikali hii haijaribiwi!"

Makofi. Taudensia alikuwa akiusukuma mlango taratibu kwa kiuno ili baridi isiishe, na kila alipokaribia kuufunga, mpiga picha alimwomba aufungue tena. Wakataka na kichupa kimoja cha kuonyesha. Wakachagua chenye karatasi safi na mwandiko mzuri, wakakihamishia trei ya juu kabisa, mbele, kipigwe picha na Waziri. Mnajua kilikuwa cha nani. Taudensia alitaka kukirudisha chini, lakini hotuba ilishaanza, na hotuba ikianza mtu haruhusiwi kusogea.

"Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa," alinguruma Waziri, "wana sanduku lenye makufuli matatu, na funguo zinashikwa na watu watatu! Kwa nini? Uwazi! Uaminifu! Sasa nauliza, hivi damu ya taifa zima ifungwe kwa ufunguo mmoja, kama duka la chumvi? Akina mama wana matatu. Taifa liwe na mangapi?"

"Saba!" ilisikika sauti moja kutoka nyuma.

Hakuna anayejua ilikuwa sauti ya nani. Ilikuwa sauti ya kijana, nzuri, imejaa uzalendo. Tuendelee.

Basi mlango wa Hazina ukachomelewa vishikio, ukatiwa makufuli saba ya chuma kipana, aina ambayo muuzaji aliapa haikatiki. Ufunguo mmoja Wizara, mmoja Mkoa, mmoja Chuo Kikuu, mmoja Hospitali Kuu, mmoja vyombo vya usalama, mmoja viongozi wa dini, na wa saba wakapewa vijana, ambao ni taifa la kesho na kwa hiyo hupewa kitu cha mwisho. Huyo Mwakilishi wa Vijana, niwe mkweli, ndiye pekee kati yao aliyestahili. Kijana mtanashati, amemaliza kidato cha nne, mwepesi wa maneno, suruali imekaa. Jina lake silitaji. Hapendi sifa.

Taudensia alimfuata Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Ng'wandu, mtu mkubwa mwenye sauti ya redio iliyowekwa ndani ya pipa.

"Mwenyekiti, tulisema pamoja ili kila mtafiti aweze kupata sampuli."

"Sasa ni pamoja, Daktari. Hakuna anayeweza kufungua peke yake."

"Na umeme ukikatika?"

"Tutakutana."

"Tutakutana lini?"

"Daktari," alisema Bwana Ng'wandu kwa upole, "una haraka ya nini? Damu yenyewe imeganda."

*

Mashine ya Taudensia ikaja. Ilikuja na ndege, ikafunguliwa, ikawashwa, ikakaa inatoa mlio kama paka aliyeshiba, inasubiri damu. Taudensia akaomba kichupa kimoja. Kamati ikakubali kwa kauli moja na kumpongeza kwa ombi zuri. Kilichobaki kilikuwa kukutanisha funguo.

Wakakutana. Mkoa alikuwa msibani. Mkoa aliporudi kutoka msibani, Chuo Kikuu kilikuwa likizo. Chuo kilipofungua, kiongozi wa dini alikuwa amefunga na asingeweza kukaa kwenye baridi. Usalama alikuja siku moja, lakini hakuruhusiwa kukiri kwamba ana ufunguo. Kila kikao kilikuwa na chai na sambusa, na kila kikao kiliahirishwa kwa moyo mkunjufu. Mwakilishi wa Vijana peke yake hakukosa hata kimoja. Alifika wa kwanza, alikaa meza kuu, na mwongozaji alipotaja majina, lake lilipofika alisimama, akafunga kifungo cha koti, akainama kidogo kulia na kidogo kushoto. Hiyo inaitwa nidhamu.

Jioni Taudensia alipita hapa barazani. Hakukaa.

"Swali langu limefikia wapi, mwanangu?" aliuliza Bi Kidawa, pini mdomoni.

"Limo kwenye friza, mama."

"Mimi nilidhani friza ni ya kutunzia damu. Kumbe ni ya kutunzia swali."

"Wiki ijayo wanakutana tena."

"Hidaya naye hospitali aliambiwa wiki ijayo," alisema Bi Kidawa, akakanyaga cherehani, na Taudensia akaondoka akiwa anakimbia kidogo, ingawa hapakuwa na pa kukimbilia.

*

Alhamisi asubuhi transfoma ya mtaa ikapiga mshindo, ikatoa moshi mweusi, ikafa.

Taudensia alifika akiwa na kandambili za bafuni. Ving'ora vya Hazina vilikuwa vinalia kwa betri, ti, ti, ti, na kioo kidogo mlangoni kinaonyesha namba: themanini chini ya sifuri, sabini na nane, sabini na sita. Akakimbilia jenereta. Ilikuwepo, mpya, nzuri, imefungwa utepe mwekundu.

"Washa!" alimwambia mlinzi.

"Haijazinduliwa, Daktari."

"Mzee wangu, washa tu!"

"Nikiiwasha, itakuwa imezinduliwa. Na mimi ni mlinzi. Unataka nizindue?" Mlinzi akarudi nyuma hatua moja, kama aliyeonyeshwa nyoka. "Nina watoto."

Ng'ambo ya barabara, umbali wa kurusha jiwe, hospitali ya misheni ilikuwa na friza tupu inayonguruma kwa jenereta yake. Taudensia alikuwa ameshaongea nao. Masista walikuwa wamesimama getini na makasha ya barafu, wakingoja. Friza iliyojaa ikiwa imefungwa vizuri inaweza kuvumilia saa kadhaa. Kilichohitajika ni mlango ufunguke, vichupa vibebwe, vivuke barabara. Kazi ya dakika chache. Hata kuku anavuka ile barabara.

Akapanda bodaboda. Aliwatoa Wizara na Mkoa kwenye kikao, akamtoa Hospitali Kuu kwenye chumba cha upasuaji akiwa bado na kofia, akamkuta Chuo Kikuu sokoni akinunua nazi, akamwita kiongozi wa dini kutoka kwenye ndoa ambayo alikuwa amefungisha nusu. Usalama alimtokea mwenyewe nyuma ya mti, akamwambia, "Tulishajua." Jua lilipokuwa utosini alirudi na watu na funguo, jasho limemlowesha mpaka mgongoni, akaona kitu kilichomfanya akae. Ndiyo. Alikaa chini, kwenye changarawe, kwa mara ya kwanza tangu kisa hiki kianze.

Bwana Ng'wandu alikuwa amesimamisha maturubai.

Kulikuwa na viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, spika mbili kubwa zenye betri ya lori, na mshereheshaji aliyevaa koti la kumetameta.

"Tutafungua, Daktari," alisema Bwana Ng'wandu, akimsaidia kuinuka. "Tena leo leo. Lakini si kihuni. Ni hafla fupi tu."

*

Kwanza walinyamazisha king'ora, kwa sababu kilikuwa kinaingilia sala ya ufunguzi. Halafu wimbo. Halafu mshereheshaji, ili kuwachangamsha wageni, akawa anasoma namba za kwenye kioo kwa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, tulikuwa hamsini chini ya sifuri, sasa tuko arobaini na tano! Tunapanda!"

Makofi.

"Arobaini! Tunapanda jamani! Nani kama sisi?"

Vigelegele. Katika nchi yetu kila kinachopanda ni maendeleo. Taudensia alikwenda akamshika mshereheshaji mkono, akamwambia sikioni kwamba kupanda huko ndiko kufa. Mshereheshaji akatikisa kichwa kwa huzuni, akarudi kwenye kipaza sauti: "Daktari anasema bado tunaweza kupanda zaidi!"

Watu wa mtaa walikuwa wamejazana kwenye uzio. Bi Kidawa naye alikuwepo, utepe wa kupimia shingoni, ametoka kazini mbio aliposikia. Hakupiga makofi. Alikuwa anakitazama kile kioo.

Wakaanza kuitwa. "Namkaribisha mwakilishi wa Wizara, kwa heshima na taadhima, afungue kufuli la kwanza!" Wizara akaja, akatoa neno fupi la ukurasa mmoja, akafungua. Makofi. Mkoa akaja, akaleta salamu za mkoa, akafungua. Chuo Kikuu akaeleza historia ya kufuli duniani. Hospitali Kuu alifungua bila kusema neno na akazomewa kwa kukosa shukrani. Usalama alifungua huku watu wote wakiombwa wafumbe macho. Kiongozi wa dini akaomba, akafungua, akakimbia kumalizia ndoa.

Ishirini na tano chini ya sifuri. Ishirini.

Mshereheshaji akafuta jasho, akaangalia saa. Mwenyekiti alikuwa anamfanyia ishara afupishe. Spika zilianza kukoroma, betri inaisha. Mshereheshaji akavuta pumzi.

"Na wengine wote," akasema, "itifaki imezingatiwa."

Makofi.

Kufuli moja likabaki, linaning'inia.

"Wa vijana yuko wapi?" aliita Taudensia. "Mwakilishi wa Vijana! Jamani, ufunguo wa saba!"

Sasa hapa ndipo watu wenye roho mbaya hupenda kuuliza maswali. Kijana alikuwa wapi? Nawajibu. Alikuwa mbali. Alikuwa semina, mkoa mwingine kabisa, semina ya uongozi bora, na simu haikuwa na mtandao. Na hata kama angekuwepo, nasema hata kama, mjiulize: mtu amekuja na koti, kwenye jua lile, amesimama tangu asubuhi, amewasikiliza sita wakiitwa kwa heshima na taadhima, halafu yeye anaambiwa "wengine wote". Wengine wote ni nani? Wengine wote ni wapishi. Wengine wote ni watu wa viti. Angejitokezaje? Angesema nini, "mimi ndiye wengine wote"? Nawauliza ninyi wazazi. Lakini hakuwepo.

*

Kumi na tano. Kumi.

Wakaleta msumeno wa chuma. Meno yakaisha, kufuli likawa linang'aa tu. Muuzaji hakuwa mwongo. Wakajaribu nyundo, mpaka Bwana Ng'wandu akakataza kwa sababu nyundo haikuwa kwenye ratiba. Taudensia alikuwa anazunguka friza, kulia, kushoto, kulia, mikono kichwani, na alipofika upande wa nyuma akasimama ghafla.

Akamnyang'anya fundi wa spika bisibisi.

Hakugusa kufuli. Alikwenda upande wa pili, kwenye bawaba, akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu. Moja ilikuwa ngumu, akaegemea bisibisi kwa uzito wake wote, kandambili zikiteleza. Bwana Ng'wandu akamjia juu: "Daktari! Huo si upande wa kufungulia!" Akahamia skrubu inayofuata. Kioo kikafika sifuri, bawaba zikaachia, mlango ukaning'inia kwa kufuli lake la saba kama jino bovu, na maji yakamwagika miguuni mwa meza kuu.

Masista waliruka uzio. Nasema waliruka. Makasha yakapita mkono kwa mkono, watu wa mtaa wakajipanga kuvuka barabara, hata mlinzi akabeba. Trei za chini zilikuwa bado ngumu kama mawe, na hizo zimepona, na msiseme nchi yetu haifanyi jambo. Za katikati nusu kwa nusu. Ya juu ilikuwa supu.

Taudensia alikiona kile kichupa palepale, mbele, karatasi safi, mwandiko mzuri. Akakichukua. Akakitikisa karibu na sikio. Damu ikasikika ikicheza ndani.

Chembe hai zikiyeyuka namna ile hufa, na zikifa hakuna mashine ya kuzihoji. Alikaa nacho mkononi mpaka Bi Kidawa akapita kwenye uwazi wa uzio, akaja akasimama mbele yake.

"Kimekwisha?"

"Nilikuahidi, mama."

"Nimekuuliza, kimekwisha?"

"Kimekwisha."

Bi Kidawa akautoa utepe shingoni, akauviringisha kidoleni taratibu, akaufungua, akauviringisha tena. "Nikupe nyingine," akasema, akaanza kukunja mkono wa gauni. Halafu akakumbuka. Akauteremsha.

*

Jioni ile taarifa rasmi ilisomwa redioni. Niliikariri, maana imeandikwa vizuri. "Kamati inapenda kuuhakikishia umma kwamba hakuna kufuli lililofunguliwa kinyume cha utaratibu. Kufuli la saba liko imara mahali pake. Sampuli zote zipo. Baadhi zimebadilika hali, kutoka yabisi kwenda kimiminika, kama sayansi inavyoruhusu. Hakuna kilichopotea."

Mmesikia wenyewe. Hakuna kilichopotea. Mlango umewekwa makumbusho ukiwa umefungwa, na watoto wa shule hupelekwa kuuona. Jenereta itazinduliwa mwezi ujao, inshallah. Bwana Ng'wandu amepandishwa cheo. Taudensia anazunguka tena, ofisi kwa ofisi, anaomba friza isiyo na vishikio, na kila anapofika wanamwuliza ana haraka ya nini.

Ndiyo, baba, wewe mwenye kofia, uliza.

Ufunguo? Ufunguo wa saba haukupotea, mzee wangu. Uko mahali salama. Nadhani. Nasikia. Mimi nitajuaje? Mimi siku ile nilikuwa napita tu. Hapana, sikuwa napita, sikuwepo kabisa, haya yote nimesimuliwa na...

"Semina ya wapi, mwanangu?"

Shikamoo, Bi Kidawa. Hatukukusikia ukirudi. Umepata uzi?

"Marahaba. Uzi nimepata. Semina ya wapi?"

Mkoa wa... ule wa kule juu. Jamani, mpisheni fundi apite, watoto wana shule Jumatatu.

"Sipiti. Nimesimama hapa nyuma tangu Waziri anaongea na virusi. Nimesema nimwache amalize, anasimulia vizuri." Akaweka mfuko wa nyuzi juu ya cherehani. "Siku ile ulikuwa kulia kwangu pale kwenye uzio. Ulinikanyaga kanga. Ukaniambia, 'Bi Kidawa, umesikia? Wameniita wengine wote.' Mkono mfukoni. Mimi nikadhani unajikuna."

Watu wakacheka. Ninyi mnacheka nini?

"Nikadhani hivyo mpaka juzi, ulipoileta suruali nikukazie pindo. Hiyo hiyo uliyovaa. Nimeishona mimi. Mfuko wa ndani nimeutia mimi. Uliniambia ni wa simu. Nikaupiga pasi, pasi ikagonga. Simu gani hiyo, mwanangu, yenye upana wa kidole na meno?"

Bi Kidawa, tuongee ndani.

"Nilikurudishia palepale ulipouweka. Nilitaka nisikie mwenyewe utakavyosema." Hakupandisha sauti. Alikuwa anavuta uzi wa kijani kutoka kwenye kigurudumu chake, anaupima kwa mkono, kana kwamba mimi ni kitambaa. "Sasa utoe niushike. Mlango siuhitaji. Nataka nijue tu uzito wake. Miaka yangu yote ile niliyopigana peke yangu, na Hidaya chini ya mchanga, nijue ilizidiwa na kitu cha uzito gani."

Nikatazama barabarani. Barabara ilikuwa wazi, na mimi mwepesi wa miguu.

"Unangoja nini? Au bado hujaitwa vizuri?" Bi Kidawa akaweka uzi chini, akanyoosha gauni lake, akasimama wima kama aliyeshika kipaza sauti. "Basi. Kwa heshima na taadhima, namkaribisha mbele ya baraza hili Mheshimiwa Gaitani Mbwilo, Mwakilishi wa Vijana wa Taifa, Mshika Ufunguo wa Saba wa Hazina ya Pamoja ya Taifa ya Sampuli. Hakuna aliyesahaulika. Makofi tafadhali."

Wakapiga makofi, wote, hata yule mwenye kofia.

Nami nikajikuta nimesimama, nimefunga kifungo cha koti, nimeinama kidogo kulia na kidogo kushoto, na mfukoni kitu kikanigonga paja.